Gari linapomisi: safari kutoka namba ya kosa hadi chanzo chake

Mama mmoja aliniletea gari likiwa na koili nne mpya, zile zinazopandisha umeme wa cheche ya plagi. Alizinunua wiki tatu kabla, baada ya taa ya injini kuwaka na mashine ya kupimia kusoma P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, inakosa kuwaka katika zamu yake. Siku nne za mwanzo gari lilitulia. Siku ya tano, akipanda mlima na watu wamejaa ndani, likaanza tena kutetemeka, na safari hii taa haikuwaka tu, ilikuwa inapepesa. "Fundi," akaniambia, "nimebadilisha kile kile kilichosomwa na kompyuta, na bado."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara yananiuma, kwa sababu kompyuta haikusoma koili. Haikusoma plagi wala noseli inayopuliza petroli. Ilichosema ni kwamba silinda ya tatu haikutoa nguvu iliyotarajiwa, basi. Kati ya taarifa hiyo na kipuri cha kununua kuna kazi nzima ya uchunguzi. Kazi hiyo ikirukwa, mwenye gari analipia makisio ya mtu mwingine.

Kompyuta inajuaje kwamba silinda imemisi?

Injini ya petroli ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko wa krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 600 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 10 kwa sekunde, na milipuko 20. Kila mlipuko unaisukuma krankshafti mbele, na kabla ya mlipuko unaofuata krankshafti inapunguza mwendo kidogo sana. Mkono ukiwekwa juu ya injini nzima hauhisi kitu zaidi ya mtetemo laini, lakini sensa inaona. Kwenye krankshafti kuna gurudumu la meno. Katika magari mengi limegawanywa nafasi 60, na meno mawili yameachwa makusudi ili kompyuta ijue mzunguko unaanzia wapi. Kila jino linapopita mbele ya sensa, kompyuta inapima lilichukua muda gani. Silinda ya tatu ikikosa kuwaka, meno yaliyotakiwa kupita kwa kasi katika zamu yake yanachelewa. Sensa ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, ndiyo inayoeleza zamu hiyo ilikuwa ya silinda ipi.

Kwa hiyo kinachopimwa ni kuchelewa kwa meno. Ndiyo maana barabara yenye mashimo mengi, gurudumu la meno lililopinda au flaiwili iliyochoka vinaweza, mara chache, kuidanganya kompyuta ione kumisi kusikokuwepo. Na ndiyo maana namba inataja mahali bila kutaja sababu: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea, wakati P0300 inamaanisha kumisi kunahamahama au kuko kwenye silinda zaidi ya moja.

Taa ikiwaka moja kwa moja, una nafasi ya kulifikisha gari kwa fundi kwa utaratibu. Ikipepesa, ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo, na usimame mara upatapo mahali salama. Kupepesa kunamaanisha kumisi kumefikia kiwango cha kuharibu masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosti. Petroli ambayo haikuwaka ndani ya silinda inatoka pamoja na hewa yake, inaingia kwenye masega ambayo tayari ni ya moto, na inawakia humo. Joto linapanda hadi masega yenyewe yanaanza kuyeyuka. Hata petroli isiyotoka ina madhara yake: inaosha oili kwenye kuta za silinda, kisha inateremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuilainisha oili yote. Kosa la plagi moja likibebwa kwa miezi linageuka kuwa kosa la injini nzima.

Uliza "lini" kabla ya "nini"

Mashine ya kupimia ikishasoma namba, wengi huichomoa. Mimi ndipo ninapoanza kuisoma. Kosa linapoandikwa, kompyuta inahifadhi pia hali ya injini ya wakati ule ule: mizunguko, mzigo, joto la maji, mwendo wa gari, kiasi cha marekebisho ya mafuta. Kwenye gari la mama yule nilikuta mizunguko 2,100, maji nyuzi 90, mzigo asilimia 85. Yaani injini ilikuwa imeshapata moto, ikivuta kwa nguvu zote, kwenye mizunguko ya chini. Hapo hapo orodha ya washukiwa ilipungua.

Kila hali ina tabia yake. Gari linalomisi asubuhi tu, likatulia baada ya dakika moja au mbili, linanifanya niangalie maji ya rejeta. Kama yanapungua na hakuna panapovuja kwa nje, kuna uwezekano gasketi ya silinda hedi inapitisha maji kidogo usiku kucha na kulowanisha silinda moja. Kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mshukiwa mwingine wa asubuhi ni masizi yaliyojijenga nyuma ya valvu za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haipiti tena hapo kuziosha. Gari linalofanya kinyume, yaani zima likiwa baridi na likamisi likishapata moto, linaweza kuwa na valvu zisizo na nafasi ya kutosha: chuma kikipanuka, valvu inashindwa kufunga sawasawa. Linalomisi likiwa sailensi na kupona ukikanyaga mafuta huwa linavuta hewa ya wizi mahali fulani, au valvu ya kurudisha moshi imekwama wazi. Linalomisi siku za mvua lina ufa kwenye koili au kwenye mpira wake unaovishwa juu ya plagi. Na linalomisi likibebeshwa mzigo, kama hili la mama, huniambia nianzie kwenye cheche.

Cheche, na jibu lililonichanganya

Kwa nini mzigo? Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia silindani. Pistoni ikiibana, msongamano unakuwa mkubwa, na cheche inapata shida kuruka kwenye nafasi ya plagi. Koili inalazimika kupandisha umeme zaidi, hadi makumi ya maelfu ya volti. Umeme ukisukumwa hivyo hutafuta njia nyepesi. Ikiwepo njia nyepesi kuliko ncha ya plagi, ndiyo utakayoifuata, na petroli iliyo ndani ya silinda haitawashwa na chochote.

Kipimo cha kwanza kila fundi anakijua: hamisha. Zima injini, toa koili ya silinda ya tatu, iweke kwenye ya kwanza, na ya kwanza iweke kwenye ya tatu. Futa kosa, endesha gari katika hali ile ile, usome tena. Kosa likihamia P0301, koili ndiyo mbaya. Likibaki P0303, koili haina hatia. Ni kipimo kizuri na hakikugharimu kitu. Nikapanda mlima na gari la mama yule, nikarudi, nikasoma: P0301 na P0303, zote mbili.

Kosa limehama na limebaki. Fundi mwenye haraka angesema koili mpya ni feki, auze nyingine. Nilitoa plagi ya silinda ya tatu na kuipeleka penye mwanga. Ncha yake ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, rangi ya plagi inayowaka vizuri. Lakini kwenye sehemu nyeupe ya kauri, ile inayofunikwa na mpira wa koili, palikuwa na mstari mweusi mwembamba uliopanda kutoka kwenye chuma hadi juu, kama mtu aliyepitisha penseli iliyochongwa vizuri. Nikaufuta kwa kitambaa, haukufutika. Nikaupitisha ukucha, haukushika. Kisha nikakunja mdomo wa mpira wa ile koili iliyokuwa silinda ya tatu, nikamulika ndani kwa tochi. Mstari kama ule ule ulikuwa umejichora kwenye ukuta wa mpira.

Huo mstari ni njia ya kaboni. Umeme ulipoanza kupita pembeni ya kauri, labda kwa ufa usioonekana au kwa sababu nafasi ya plagi ilikuwa imekwisha kupanuka kwa kuchakaa, uliunguza uchafu na mpira ukaacha kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Tangu siku ile cheche ilikuwa na barabara yake. Koili ya zamani ilipotolewa, mpira wake ulioungua uliondoka nayo, na ile mpya ikaja na mpira msafi. Kwa siku chache mpira huo uliziba njia. Lakini plagi ya zamani ilibaki na mstari wake, na mzigo ulipokuja, ikauchora kwenye mpira mpya. Nilipohamisha koili, niliupeleka mpira ulioungua silinda ya kwanza, na plagi iliyoungua nikaiacha ya tatu. Kila kimoja kikaleta kosa lake. Kipimo hakikukosea, kilinijibu kwamba wagonjwa ni wawili.

Ndiyo maana nasisitiza hadi watu wanachoka kunisikiliza: plagi na mpira wa koili ni ndugu. Ukikuta njia ya kaboni kwenye kimoja, badilisha vyote viwili. Kwa koili nyingi mpira unapatikana peke yake, bila kununua koili nzima. Na kama kisima cha plagi kina oili, gasketi ya kava la valvu ibadilishwe kwanza, maana oili hiyo italainisha mpira mpya na kukurudisha ulikotoka.

Plagi yenyewe isome kabla ya kuitupa. Masizi makavu meusi kama ya jiko: petroli imezidi, au cheche ni dhaifu. Imelowa na inanuka petroli: mafuta yalifika, moto haukufika. Ina oili inayong'aa: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Nyeupe pepe na yenye malengelenge: joto limezidi au petroli ni pungufu. Imeoshwa ikawa safi kupita wenzake wote: shuku maji.

Jambo moja la usalama. Zamani fundi alikuwa akichomoa waya wa plagi injini ikinguruma ili asikie ni silinda ipi haifanyi kazi. Tafadhali usifanye hivyo kwenye gari la kisasa. Umeme wa koili unaweza kukuumiza vibaya, unaweza kuunguza koili yenyewe au sehemu ya kompyuta inayoiendesha, na petroli ya silinda ile yote inaenda kwenye masega. Mashine nyingi za kupimia zinaweza kuizima silinda moja moja kwa amri. Kama huna hiyo, chomoa soketi ya noseli. Silinda ikizimwa na mngurumo usibadilike, hiyo ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi.

Mafuta, na uongo wa sensa ya oksijeni

Cheche ikiwa safi, swali linalofuata ni kama petroli inafika. Noseli yenye afya hutoa mlio wa haraka, tik tik tik, na bisibisi ndefu, ncha ikigusa noseli na mpini ukiwa sikioni, inatosha kuusikia. Ukikosekana kwenye noseli moja tu, pima upinzani wake. Noseli nyingi za kawaida huwa kati ya omu 12 na 16, lakini cha maana zaidi ni kulinganisha na wenzake. Kama upinzani ni sawa, fuata waya hadi kwenye soketi; nimekuta panya amekata waya mmoja na gari limeshauziwa noseli. Noseli inaweza pia kulia vizuri huku imeziba na kupuliza matone badala ya ukungu. Hapo, kama inafikika kwa urahisi, ihamishe kama ulivyohamisha koili.

Kosa likiwa P0300, silinda zote zikishiriki, angalia marekebisho ya mafuta kwenye mashine. Kompyuta inatumia sensa ya oksijeni kujua kama mchanganyiko ni mwepesi au mzito, kisha inaongeza au kupunguza petroli, na kiasi hicho kinaonyeshwa kwa asilimia. Namba iliyo karibu na sifuri, ndani ya 10 juu au chini, haina tatizo kubwa. Ikiwa juu sana injini ikiwa sailensi, kisha ikashuka ukipandisha mizunguko, kuna hewa inayoingia bila kupimwa: bomba limepasuka, gasketi ya manifoldi imechoka. Sababu ni kwamba tundu lile lile ni sehemu kubwa ya hewa yote injini ikiwa sailensi, na ni sehemu ndogo injini inapovuta hewa nyingi. Ikifanya kinyume, sawa ikiwa sailensi na juu ukibebesha mzigo, pampu au filta ya petroli imeshindwa, au sensa ya kupima hewa ni chafu. Tofauti hiyo moja imeokoa pampu nyingi zisibadilishwe bure.

Lakini kuna mtego, na mafundi wazuri huingia. Silinda ikimisi kwa kukosa cheche, petroli na hewa vyote vinatoka vilivyo. Sensa ya oksijeni, kama jina lake, haioni petroli, inaona oksijeni tu. Inakuta oksijeni nyingi na kuripoti kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Kompyuta inaamini, inaongeza petroli kwa silinda zote, hata zile nzima. Fundi anasoma "petroli pungufu" na kwenda kubadilisha pampu, wakati gari linanuka petroli kwenye ekzosti na shida ni plagi. Kwa hiyo ukiwa na kumisi kwa silinda moja pamoja na ripoti ya petroli pungufu, maliza kumisi kwanza. Namba za mafuta ziamini baadaye.

Silinda isiyobana

Ukiwa na cheche nzuri na petroli nzuri na bado silinda haiwaki, imebaki kubana, yaani kama silinda inaikandamiza hewa bila kuvuja. Hapa ndipo watu wanapoogopa kupima, kwa sababu jibu linaweza kuwa zito. Pima tu, kutojua hakupunguzi gharama.

Dalili ya kwanza unaisikia ukipiga stata: mlio wa injini yenye afya una mapigo sawa, na silinda isiyobana inaacha pigo moja likikimbia. Kisha toa plagi zote, zima petroli na cheche, funga geji ya kupima kubana kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho ili hewa iingie, na piga stata kwa mapigo yale yale kwa kila silinda. Silinda ya chini kabisa isipungue chini ya robo tatu ya ile ya juu. Ikipungua, weka kijiko kidogo cha oili ndani yake na upime tena. Ikipanda sana, oili imeziba kwa muda pale ringi zilipochoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Ninachokipenda zaidi ni kupeleka upepo wa kompresa ndani ya silinda, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefunga, kisha kusikiliza. Upepo ukilia kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza inavuja. Ukilia kwenye ekzosti, ni valvu ya kutolea moshi. Ukisikika kwenye tundu la oili, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe imepasuka. Na ukitokea kwenye tundu la plagi la silinda jirani, gasketi imeungua kati ya hizo mbili. Mara nyingi namba za kosa zilikuwa zimeshakuambia, P0302 na P0303 zikija pamoja kama mapacha. Kabla ya kuamini mapacha hao lakini, angalia mpangilio wa koili. Kuna injini ambazo koili moja hulisha silinda mbili, kwa kawaida ya kwanza na ya nne, ya pili na ya tatu, na hapo mapacha wanaweza kuwa koili tu.

Kubana kukiwa chini kwenye silinda zote kwa kiasi kinachofanana, sifikirii ringi kwanza. Nafikiria taimingi cheni iliyorefuka au kuruka jino, valvu zikafunguka na kufunga nje ya wakati wake.

Gari la mama yule halikufika huko. Niliweka plagi nne mpya, nikapima nafasi ya kila moja kwanza, nikabadilisha mipira miwili iliyokuwa na mstari, nikafuta kosa. Kisha nikamwomba apande nami, na watu wawili nyuma ili mzigo uwe kama ule wa siku ile ya tano. Mlima ule ule, mizunguko 2,100, mguu umekanyaga karibu mwisho. Mashine za kupimia nyingi zinaonyesha kila silinda imemisi mara ngapi, hata kabla taa haijawaka, na yangu nilikuwa nimeishika mapajani. Silinda ya tatu ilisoma sifuri tulipoanza kupanda. Tulipofika juu bado ilikuwa sifuri, na ya kwanza pia. Zile koili nne za zamani alikuwa bado amezihifadhi kwenye buti. Nilizipima moja moja. Tatu zilikuwa nzima kabisa, na ya nne ilihitaji mpira tu.